Aliyemkaba Mwatum

Mwatum aliletwa Vitongoji kutoka Gando akiwa mwari, na kitu cha kwanza kilichomshinda si mume wala mawifi. Ilikuwa harufu. Upande ule wa kisiwa cha Pemba kila nyumba ilinuka makumbi. Maganda hayo ya nazi wanawake huyafukia kwenye tope la pwani, wakayagandamiza kwa mawe, yakalala humo miezi mpaka yakaoza. Wakati ukifika huyafukua, wakayaponda kwa gongo na kupata usumba wa kusokotea kamba. Mkono uliofukua makumbi hausafishiki kwa sabuni wala kwa ndimu. Mwatum alilia, akatapika, akataka kurudi kwao. Mumewe, Ngwali, akamwambia atazoea. Akazoea kweli, hata ikafika siku haisikii tena ile harufu, na hili litakuja kumponza.

Aliyemfundisha kazi ni Bi Hija, jirani wa nyumba ya nyuma, mjane asiye na mtoto, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno. Alikuwa akimfumulia Mwatum kamba nzima na kumrushia usumba mapajani. "Kamba gani hii? Hata mbuzi ataona haya kufungwa nayo. Anza tena." Mwatum alianza tena, na tena, mpaka wavuvi wakawa wanaulizia kamba zake kwa jina. Bi Hija hakumsifu hata siku moja. Ila mtu akimsema vibaya Mwatum mbele yake, alijuta.

Wakaishi hivyo miaka. Mwatum akazaa watatu, akazika wawili, akabaki na Khairiya, mtoto wa kike mwenye maswali mengi na meno ya mbele yaliyong'oka. Huyo ndiye aliyekuwa roho ya mama yake. Akipiga chafya tu, Mwatum aliacha kazi.

Sasa ziliingia zama zile za siasa. Watu walishaanza kususiana harusi na vilio kwa ajili ya vyama, na mtu akikohoa, jirani yake anauliza kamkoholea nani. Nayasema haya ili ijulikane mambo yalivyokuwa mepesi kuwaka. Mtu mwenye kinyongo siku zile hakuhitaji kuni nyingi.

Bamvua moja la nguvu, maji yalipojaa kupita kiasi, lilivuruga mawe pwani, mashimo ya makumbi yakachanganyikana. Mwatum alifukua aliloamini ni lake, kumbe ni la Bi Hija. Bi Hija akamkuta yumo ndani ya tope mpaka magotini, kapu limejaa.

"Weye! Hayo makumbi yako hayo?"

"Shimo langu hili, Bi Hija. Jiwe langu nalijua."

"Jiwe walijua, mwizi hujijui?"

Neno mwizi likasikiwa na wanawake wote waliokuwa pwani. Mwatum, kwa hasira na aibu, akalipindua kapu lote topeni. Bi Hija akamtazama, akatikisa kichwa. "Haya. Utalala, utaamka, utanikumbuka." Maneno ya ugomvi tu haya. Hakuna mwanamke wa Pemba ambaye hajayasema au hajaambiwa. Lakini yalisemwa, na waliyasikia wengi.

Haikupita wiki. Alfajiri moja Mwatum aliamka, au alidhani ameamka. Macho yalikuwa wazi. Aliyaona makuti ya paa, akamsikia muadhini, akamsikia Ngwali anakoroma ubavuni mwake. Alitaka kugeuka, mwili ukakataa. Alitaka kuita, ulimi ukawa si wake. Kifuani palikuwa na uzito wa mtu mzima aliyekaa kitako, na kooni palikuwa na mkono. Mkono wa mtu hasa, wenye vidole na sugu, unagandamiza. Na ulinuka makumbi. Ile harufu aliyokuwa ameisahau kwa miaka ilimjaa puani kama siku ile ya kwanza. Moyo ulimpiga mpaka akaona kifua kitapasuka. Kisha ghafla mkono ukamwachia, akapiga ukelele uliomtoa Ngwali kitandani mbio.

"Jinamizi hilo," Ngwali alisema alipopata pumzi. "Humpanda kila mtu. Sema audhubillahi ulale ubavu."

Yangeishia hapo tungekuwa hatuna la kusimulia. Lakini asubuhi Mwatum alikwenda kisimani macho mekundu, na kisimani alikuwako Mize. Mize alikuwa mtu mwema, mwenye huruma ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo chini.

"Mwenzangu, jinamizi halinuki makumbi. Jinamizi upepo. Huyo mtu huyo. Hebu nambie, umekosana na nani?"

Mwatum hakutaja jina. Baadaye alijishika na hilo sana, kwamba yeye hakutaja jina la mtu. Ni kweli. Aliinua macho tu akatazama upande wa nyumba ya Bi Hija, na Mize akatazama huko huko, na wanawake wengine wakatazama. Hapo jina lilishatajwa.

Kitu kile kikarudi. Kikaja alfajiri, kikaja tena mchana wa kaskazi watu wamejilaza kupumzika, kila mara uzito ule, mkono ule, harufu ile. Ngwali akamletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani na kuoshwa kwa maji ya mawaridi, akazinywa. Akamletea hirizi kutoka Tibirinzi, akaivaa. Hazikusaidia. Mwatum akawa anaogopa kitanda kama mwingine anavyoogopa kaburi. Alisokota kamba huku anasinzia, akajikuna, akakonda, na Khairiya akaanza kuuliza kwa nini mama analala amekaa.

Ndipo Ngwali alipokwenda kwa Maalim Kificho kutaka Halbadiri.

Wasioijua, Halbadiri ni kisomo. Husomewa mkosaji asiyejulikana, kwa majina ya waliopigana vita vya Badri, na humtafuta huyo mkosaji popote alipo mpaka kimpate. Watu hukiogopa kuliko korti. Mwizi wa mbuzi akisikia Halbadiri itasomwa, mbuzi hurudi mwenyewe.

Maalim Kificho hakufurahi. "Ngwali, mie nikishasoma siwezi kuifukuzia njiani kuirejesha. Wamjua unayemsomea?"

"Namsomea anayemkaba mke wangu. Yeyote awaye."

"Na akiwa hayuko?"

"Yuko, Maalim. Mke wangu amsikia mkono."

"Isipompata mwenye kosa, huirudia nyumba iliyoitaka. Mkeo amsikia mkono, mie nakwambia hilo na uniskie."

Ngwali alisema amesikia. Mwatum, aliyekuwa nyuma ya mlango, naye alisikia. Lakini alikuwa na yakini, na mtu mwenye yakini hana masikio. Alhamisi baada ya sala ya alasiri wasomaji wakakaa duara barazani kwa Ngwali, ubani ukafuka mpaka njiani, na kijiji kizima kikajua kasomewa nani bila ya mtu kumtaja.

Usiku ule Mwatum alilala. Na uliofuata. Akalala usingizi mnono wa mtu aliyetua mzigo, akaanza kunenepa, akaanza kucheka. Na Bi Hija, akiwa pwani kwenye shimo lake, akakanyaga gome la chaza likampasua mguu. Ajali ya kawaida, kila mwanamke wa pwani ana kovu lake. Mguu ukavimba.

"Imemkamata," Mize alisema kisimani, na sauti yake ilitetemeka, kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa kuona mambo yanavyokwenda sawasawa hivyo.

Tangu hapo Bi Hija akawa hayuko ingawa yuko. Akija kisimani na ndoo, wenzake huchukua ndoo zao. Akipeleka kamba dukani kwa Devji, Devji, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, hukuna kichwa na kusema wavuvi hawazitaki, yeye afanye nini? Lakini kubwa kuliko yote ni salamu. Alitoa salamu njiani, ikaanguka chini. Muislamu kumnyima Muislamu mwenzake jibu la salamu si jambo dogo, na Vitongoji walilifanya mchana, mmoja baada ya mmoja, wakigeuza nyuso. Baada ya muda akaacha kutoka.

Mwatum aliliona hilo likamkwaza kidogo, kama mwiba wa samaki. Akajiambia Bi Hija amelitaka mwenyewe.

Kisha ikaja siku moja, mchana, jua kali, chakula kimeliwa. Mwatum alijinyoosha chali juu ya jamvi, pembeni ya rundo la usumba, Khairiya anacheza mlangoni na vifuu vyake. Usingizi ukamchukua, na ndani ya usingizi akasikia uzito unapanda.

Safari hii aliona kila kitu. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka katikati ya nyumba, hapana mtu. Hapana kivuli. Lakini koo lilibanwa, na harufu ya makumbi ilikuwa pale pale chini ya pua. Akajaribu kumwita mtoto kwa macho. Khairiya akageuka, akaona macho ya mama yake yametoka, akaja mbio. Akapiga magoti, akanyoosha mikono yake miwili midogo, akaushika ule mkono uliokuwa kooni, akauinua.

"Mama, mbona mkono wako mzito?"

Pumzi zikarudi. Mwatum akautazama mkono ambao mwanawe ameushika. Ulikuwa wake. Umekufa ganzi, vidole vimejikunja, na kwenye sugu za vidole ulinuka makumbi, kama mikono yote ya wanawake wa Vitongoji. Mtoto alipouachia ukaanguka jamvini puu, kama wa maiti.

Alikaa akiutazama mpaka ukaanza kumchoma sindano na kurudi kuwa mkono. Alitaka kucheka. Kisha akakumbuka Halbadiri imesomwa juu ya nani. Anayemkaba Mwatum, yeyote awaye. Na Maalim alisema isipompata mwenye kosa itarudi wapi. Akamvuta Khairiya kifuani akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika anaumia.

Ngwali aliporudi kutoka shamba akaambiwa yote. Alisikiliza amesimama, jembe begani. Hakulitua.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie." Sauti ilikuwa ndogo. "Kijiji kinajua imekwenda kwa yule bibi. Iache ikae huko. Ukifungua kinywa, unaiita kwa jina ije hapa. Na hapa kuna nani mwengine ila mtoto huyu?"

"Yule bibi hakufanya kitu, baba Khairiya."

"Najua. Nshasikia. Hakufanya kitu, na yeye mzee, na hana mtoto." Akaingia ndani bila ya kumtazama. Hakuwa mtu mbaya Ngwali. Alikuwa amechimba makaburi mawili madogo kwa mikono yake, na la tatu hakuwa na nguvu nalo.

Mwatum akanyamaza. Alinyamaza siku kadhaa, na kila siku mwiba ule ulizama zaidi. Akimtazama Khairiya, anasema nitakufa nalo. Akisikia kimya cha nyumba ya nyuma, nyumba lilikokuwa likisikika gongo la makumbi tangu asubuhi, anasema siwezi. Mwisho akapika uji, akautia kwenye kibakuli, akapita uani. Alikusudia kuuweka mlangoni arudi.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Bi Hija alikuwa amelala kitandani, amebakia mifupa. Mguu wake uliovimba ulikuwa nje ya kanga, na juu ya kifundo palikuwa na kamba ya usumba, imezungushwa mara nyingi, imekazwa mpaka nyama imefura pande mbili. Ncha ya pili ilifungwa kwenye tendegu la kitanda.

"Yarabi! Nani kakufunga, Bi Hija?"

"Mie mwenyewe." Sauti ilitoka kavu. "Mwatum, mwanangu, ndo weye? Njoo. Nataka kukuuliza, na usinifiche."

Mwatum akakaa ukingoni. Akautua uji sakafuni.

"Watu wote hawawezi kuwa waongo. Mie n'nalala sijijui. Pengine natoka. Pengine roho yangu yatoka yenda kwako, na mie sina habari. Ndo n'najifunga. Nambie kweli, tangu nianze kujifunga, nimekuja tena?"

Mwatum akayapima majibu. Akisema hujaja, bibi huyu atajua kamba ndiyo iliyomzuia, na atakufa anaamini yeye ni mwanga, mchawi wa usiku. Akisema nimekabwa juzi, atajua hata kamba haimzuii. Njia zote mbili zilimpeleka kaburini na jina lile. Iliyobaki ilikuwa moja, na hiyo ilipita juu ya kichwa cha Khairiya.

"Hukuja," alisema. "Hujapata kuja. Ulikuwa mkono wangu mie. Nalala nao kooni, wafa ganzi, nanusa makumbi ya mkono wangu mwenyewe. Nimeuona mchana kweupe."

Mwatum alitarajia kilio, au alhamdulillahi. Bi Hija akainuka kwa kiwiko, akampiga kofi la uso, kofi dhaifu la mgonjwa, lakini kofi.

"Umejua lini?"

"Siku hizi hizi."

"Na mie n'ko hapa nimejifunga kama mbuzi." Akalala tena, anahema. "Mie usinambie. Mie sikumnyima mtu salamu. Kawambie wao."

"Nna Khairiya, Bi Hija."

"Najua unaye. Nlikuwapo alipozaliwa." Akageukia ukutani.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, walimkuta Mwatum amesimama uwanjani na mtoto mkononi. Mwanamke kusimama pale saa ile si kawaida, wakasimama wote. Ngwali akatoka, akamwona, akabadilika rangi. Alipiga hatua mbili kumwendea, kisha akasimama.

Mwatum akasema. Alisema vibaya, anarudia maneno, machozi na kamasi, lakini alisema yote: mkono, harufu, mchana ule, bibi aliyejifunga kitandani kwa kamba. Mwisho akasema, "Bi Hija si mwanga. Nimemdhulumu."

Pandu, mmoja wa waliosoma kisomo siku ile, ndiye aliyeuliza lililokuwa vinywani mwa wote. "Basi Halbadiri imekwenda kwa nani?"

Macho ya watu yalishuka taratibu, yakatua kwa Khairiya. Mwatum akamfunika mtoto kwa ncha ya kanga, na Khairiya akatoa kichwa nje ili aone wanachotazama.

"Maalim," Ngwali alisema. "Itengue."

Maalim Kificho alikuwa amekaa kitako kwenye ngazi ya msikiti. "Nami nilisoma," alisema. "Kuitengua si kazi yangu. Aliyedhulumiwa aseme kwa ulimi wake amesamehe. Radhi iko kwa Bi Hija."

Wakaenda. Wanaume mbele, wanawake wakitoka majumbani kujiunga nyuma, Mize akiwamo, analia kwa sauti. Bi Hija aliwasikia kabla hajawaona. Alikuwa ameketi mlangoni, ncha ya kamba imekatwa, iliyobaki bado iko mguuni. Ngwali akapiga magoti mchangani.

"Bi Hija, tumekuja utupe radhi."

Bi Hija akawatazama, uso mmoja mmoja, bila ya haraka.

"Mmekuja nyumbani kwangu," alisema, "na hata leo hapana aliyenisalimu."

Ilikuwa kweli. Kwa haraka ya kuogopa kwao walikuwa wameisahau. Maalim akainamisha kichwa. Wakubwa wale wote wakabaki wanatafuta pa kuanzia, kila mmoja anamsubiri mwenzake, kwa sababu salamu waliyoinyima ilikuwa sasa nzito kuitoa. Khairiya, ambaye alifundishwa kwamba bibi akikaa mlangoni anaamkiwa, akauchomoa mkono wake kwa mama yake akaenda mbele.

"Shikamoo, bibi."

Bi Hija alimtazama mtoto, pengo la meno na miguu yenye vumbi, kwa muda uliokuwa mrefu mno.

"Marahaba," alisema. Akamwekea mkono kichwani. "Huyu nshamridhia. Mwenyezi Mungu shahidi, na nyote mashahidi. Halbadiri isimguse huyu, leo wala kesho."

Ngwali akaanguka uso mchangani akalia kama mtoto. Mize akaita, "Na sisi, Bi Hija? Na sisi je?"

Bi Hija alikuwa ameshaanza kujiinua kwa kushika mwimo wa mlango. Mwatum alikwenda kumpa bega, na hakukataa bega, lakini hakumtazama.

"Nyie?" alisema. "Nyie sijui. Nna usingizi wa siku nyingi. Nikiamka ntafikiri."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wakabaki uwanjani, kisha wakatawanyika. Usiku ule Vitongoji taa ziliwaka mpaka mafuta yakaisha, na hapana mtu mzima, bila ya radhi ya Bi Hija, aliyetaka kuwa wa kwanza kujilaza.